Wakuu naomba ushauri: The Lord of the Rings, nichukue boksi fupi au refu?

Mtazamaji Mkimya
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo imenibidi niandike. Naombeni ushauri, msinitukane.

Shemeji yangu yuko Uingereza, anarudi Dar Alhamisi hii. Begi lake limebaki na nafasi ya boksi moja tu la diski. Kuna duka la vitu vilivyotumika karibu na anapokaa, ameona maboksi mawili ya The Lord of the Rings, muvi zote tatu. La kwanza ni toleo la sinema, lile lililooneshwa kumbini 2001, 2002 na 2003. La pili ni toleo refu. Nimepiga hesabu: fupi ni dakika 178, 179 na 201, jumla saa 9 na dakika 18. Refu ni 208, 223 na 251, jumla saa 11 na dakika 22, hapo sijaweka majina ya mashabiki yanayopita mwishoni.

Nimesoma mpaka macho yanauma. Huyu anasema refu ndiyo muvi yenyewe, yule anasema fupi ndiyo yenye mwendo. Usingizi wenyewe siku hizi wa mang'amung'amu. Nataka kutazama nyumbani na familia, basi. Nichukue lipi?

Baba Wanne
Saa 11 umekaa kwenye kochi unaangalia watu wanatembea kwa miguu kwenda kutupa pete? Mimi saa 11 nafyatua tofali mia nne na nakunywa uji katikati. Vijana mna muda.

Fundi Deki
Mkuu, tuache urefu kwanza. Utachezea kwenye mashine gani? Watu wanaagiza diski wanafika nazo nyumbani zinakuwa vioo vya kunyolea ndevu. Na kama fedha inaruhusu, kwa nini usitafute la 4K, lenye picha kali zaidi, la 2020? Lile kila muvi ina matoleo yote mawili humo humo, uzi wako ungeishia hapo.

Mtazamaji Mkimya
Fundi, nina PS4 niliyonunua mkononi kwa mtu, na TV inchi 43. La 4K dukani hapo hakuna.

Fundi Deki
Basi umenusurika. PS4 haisomi diski za 4K, hata ile Pro haisomi. Blu-ray za kawaida inasoma vizuri, na kwenye mgawanyo wa dunia wa diski hizo Uingereza na sisi tuko kanda moja, B, kwa hiyo hapo huna shida. Ingekuwa shemeji anatokea Marekani ningekuambia uchunguze kwanza.

Kigoda cha Nyuma
Mimi niko upande wa refu daima. Niliwahi kutazama Kingdom of Heaven ile ya dakika 144, nikasema huyu binti mfalme kapatwa na nini, mbona katikati anakuwa kama mtu aliyerogwa? Miaka ikapita, jamaa yangu akaniletea ile ya mwongozaji, dakika 194. Kumbe ana mtoto! Mtoto mdogo anatawazwa kuwa mfalme, halafu mama anagundua ana ukoma kama mjomba wake. Huyo mtoto walimkata wote, hana hata kivuli kwenye fupi. Nilisimamisha muvi nikaenda kukaa nje barazani. Tangu siku hiyo nikiambiwa fupi ina mwendo, namuuliza mtu, mwendo wa kwenda wapi?

Na Aliens je? Kwenye ile ndefu yule dada stelingi, Ripley, anaambiwa kwamba kalala angani miaka 57, mwanawe kazeeka na kufa akiwa na miaka 66. Ukishajua hivyo unaelewa kwa nini anamng'ang'ania yule mtoto wa kuokota. Dakika chache tu zile.

Mkenya Halisi
Hapa kwetu hizo vitu za toleo la sinema na toleo la mwongozaji hatuna. Tuko na toleo la DJ Afro. Akishasimulia yeye, hata mwenye muvi akikuja atakaa chini asikize.

Kijana wa Mbagala
Samahani kutoka nje ya mada, mwenye muvi zilizotafsiriwa na Lufufu aniwekee kwenye flashi, nalipa.

Baba Wanne
Lufufu! Hapo sasa mnaongea. Yule mtu alikuwa anakutambulisha stelingi na ukoo wake wote.

Bi Mkubwa wa Ilala
Mimi muvi sizijui, najua watu. Mwanangu, mtu hakosi usingizi kwa tofauti ya saa mbili na dakika nne. Hiyo "familia" unayotazama nayo ni nani hasa?

Mtazamaji Mkimya
Familia ni familia Bi Mkubwa. Mimi naomba ushauri wa diski tu.

Bi Mkubwa wa Ilala
Haya. Nakaa hapa nasuka ukili, ukiwa tayari utasema.

Mtazamaji Mkimya
Sawa, nasema. Ni kaka yangu mkubwa. Hatujaongea tangu arobaini ya mzee, mwaka wa sita huu. Nataka nimwalike nyumbani siku nzima, tule, tutazame zote tatu.

Ilikuwa hivi. Likizo ya mwezi wa 6, 2004, Korogwe. Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda umiza, bati juu, magunia ukutani, TV chogo imewekwa juu ya meza ya cherehani. Kiingilio shilingi 50. Ile muvi ya tatu ilikuja kwenye CD tatu, na jamaa wa kutafsiri na maiki yake iliyofungwa mpira wa baiskeli. Mbili zikaenda. Ya tatu ikagoma. Picha inaganda, inavunjika vipande kama kigae. Jamaa akaifuta kwa shati, akaipulizia, akaipaka dawa ya meno, wapi. Watu wakaanza kudai hela zao. Akazima TV, akawasha koroboi, akamalizia muvi kwa mdomo.

Mimi nilikuwa nimetoka kukojoa, sikurudi ndani. Kaka alibaki. Asubuhi akanisimulia kwamba Saruman, yule mchawi wa ndevu nyeupe, kachomwa kisu mgongoni na mtumishi wake, akaanguka kutoka juu ya mnara.

Baadaye niko chuo nikaitazama kwenye kompyuta. Mchawi hafi! Anaachwa kwenye mnara wake na hata sura yake huioni. Nikaanza kumwita kaka mwongo. Utani tu, miaka na miaka.

Sasa kwenye arobaini likaja suala la kiwanja. Kaka akasema mzee alimwambia kwa mdomo, wakiwa wawili tu wodini, kwamba kiwanja cha bondeni kisiuzwe. Mimi nikasema mbele ya wajomba, "Huyu si ndiye yule wa muvi ya pete?" Watu wakacheka. Kiwanja kikauzwa. Kaka hakujibu, akachukua kofia yake kwenye msumari akaondoka.

Kigoda cha Nyuma
Lakini mkuu, kwenye toleo refu Saruman anakufa! Ndiyo mwanzo mwanzo kabisa wa ile ya tatu. Anachomwa kisu na Gríma, huyo mtumishi wake, anaanguka juu ya gurudumu lenye miiba. Kipande kile kilikatwa kwenye sinema, na Christopher Lee aliyemwigiza mwenyewe aliudhika akasema hadharani. Hukulijua hilo?

Mtazamaji Mkimya
Nimelijua mwezi uliopita.

Bi Mkubwa wa Ilala
Eeh. Na shemeji umeshamwambia achukue lipi?

Mtazamaji Mkimya
Nimemwambia aweke fupi pembeni, kalipia pauni tano. Lakini siyo kwa sababu mnayodhani. Ile ya tatu ilichukua Oscar 11 mwaka 2004 ikiwa fupi, siyo refu. Mwongozaji mwenyewe aliwahi kusema kwamba zile za sinema ndizo anazozihesabu, refu ni zawadi kwa mashabiki. Halafu kaka ana mgongo, saa 11 atakaaje? Mimi naangalia mwendo tu.

Mkenya Halisi
Mwendo gani na nyinyi hamjaongea miaka sita.

Baba Wanne
Kijana, kiwanja kimeuzwa, mzee kalala, na wewe unatafuta ushahidi wa video. Nenda kwa kaka yako na kilo mbili za sukari na kitenge cha shemeji yako. Muvi ya nini? Mimi na mdogo wangu tulinuniana miaka mitatu kwa ajili ya jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa wa jirani! Tulikuja kujua baada ya kumchinja. Siku niliyokwenda kwake nilikuta kapika wali, nikala, tukaongelea mvua.

Mpima Maji
Wakuu samahanini, mimi nanusa tangawizi hapa. Hii ni chai.

Someni vizuri. Post ya kwanza "natazama na familia". Ya pili kaka. Haya, tumsamehe. Lakini anasema Juni 2004 mtafsiri wa Korogwe alisimulia mchawi kachomwa kisu, kaanguka kutoka mnarani. Toleo refu la ile ya tatu lilitoka Desemba 2004. Juni hakuna binadamu wa Korogwe aliyeweza kuliona. Jamaa alijuaje? Alikuwa mchawi yeye?

Kigoda cha Nyuma
Labda alisoma kitabu. Saruman anakufa kitabuni, na kitabu ni cha 1955.

Mpima Maji
Kitabuni anakatwa koo, tena kijijini kwa wale watu wafupi, mwisho mwisho kabisa. Mnara haupo. Kisu cha mgongoni na kuanguka ni vya muvi, toleo refu peke yake. Kwa hiyo ama mtafsiri alikuwa na mgeni kutoka siku za usoni, ama mleta mada katazama toleo refu juzi akatupikia kibanda, koroboi na dawa ya meno. Dawa ya meno ndiyo imenimaliza.

Fundi Deki
Dawa ya meno ni kweli lakini. Unasugua kutoka katikati kwenda nje, siyo kwa kuzungusha. Nimeokoa CD nyingi hivyo.

Kijana wa Mbagala
Niko Mbagala Rangi Tatu, mwenye Lufufu asinisahau.

Mtazamaji Mkimya
Mpima Maji, sina sababu ya kutunga. Mimi nimeandika nilivyoambiwa na kaka.

Mpima Maji
Uliambiwa ukiwa na umri gani?

Mtazamaji Mkimya
Miaka tisa.

Mpima Maji
Na yote unayakumbuka, mpaka mpira wa baiskeli. Ongeza maziwa basi.

Msumari wa Kofia
Nimetumiwa huu uzi na mtu. Mimi ndiye kaka.

Jamaa hakusema kisu. Alisema mzee kaanguka kutoka mnarani, akapiga meza kwa kiganja, paa, koroboi ikazimika, watoto wakalia. Hayo ndiyo niliyokusimulia. Kisu umekisoma mtandaoni mdogo wangu, ukakirudisha nyuma.

Na hukutoka kukojoa. Ulilala kwenye CD ya pili. Nilikubeba mgongoni mpaka nyumbani.

Mpima Maji
Hahaha! ID imejiunga leo saa 3 usiku, jina "Msumari wa Kofia". Mleta mada ana simu mbili. Jamani hata aibu?

Mkenya Halisi
Ngoja kidogo, hii sasa imekuwa tamu kushinda hizo muvi zote.

Mtazamaji Mkimya
Kama ni wewe kweli, asubuhi yake mama alimchapa nani na kwa nini?

Msumari wa Kofia
Alinichapa mimi. Ulifika nyumbani na kandambili moja. Nyingine ilianguka njiani, mikono yangu ilikuwa imekushika miguu.

Mpima Maji
Sukari imezidi, mimi natoka.

Bi Mkubwa wa Ilala
Wewe mwenye kukosa usingizi, umesoma?

Bi Mkubwa wa Ilala
Mwanangu?

Mtazamaji Mkimya
Nimesoma Bi Mkubwa.

Fundi, lile refu lina diski 15. PS4 itazisoma zote?

Fundi Deki
Itazisoma. Muvi ni Blu-ray 6, zile 9 ni DVD za maelezo ya nyuma ya pazia, hizo DVD zina kanda zake, zikikataa usizihangaikie. Ile ya kwanza ina rangi ya ukijani kidogo, ndivyo ilivyotoka kiwandani, usije ukapiga TV makofi. Na kila muvi imekatwa diski mbili. Katikati inasimama, lazima mmoja wenu anyanyuke akabadilishe.