Taima ya taa za nje: boksi la swichi halina nyutro, nichague ipi?

Dirisha_la_Mashariki

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijanunua kifaa nitakachokijutia.

Nina taa mbili za nje zinazowashwa pamoja kwa swichi moja iliyo ndani, karibu na mlango wa mbele, na kila taa ina balbu ya LED ya wati 9. Mara nyingi hurudi usiku nikakuta giza mlangoni, na siku nyingine taa huwaka mchana kutwa kwa sababu niliondoka alfajiri bila kuzizima. Nimeamua kuiondoa swichi hiyo na kuweka mahali pake taima inayoweza kupangiwa ratiba. Nilizoziona ni za namna tatu: ya duara yenye vijino vya kusukuma, ya kidijitali inayopokea ratiba ya siku saba, na nyingine inayoelezwa kuwa hukokotoa yenyewe saa za machweo na macheo.

Kilichonitatiza ni nyaya. Nilizima breka, nikaifungua swichi iliyopo, na mbali na waya wa ethi (wa usalama, unaoingia ardhini) nikakuta nyaya mbili tu, zote za rangi moja. Maelekezo ya taima mbili kati ya hizo yanaonyesha tundu la N linalohitaji nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, nami sioni nyutro yoyote humo. Soketi iko karibu sana na boksi hilo. Je, ninaweza kuchukua nyutro ya soketi? Aidha, taa ya korido, ambayo huwashwa na kuzimwa kutoka ncha zote mbili, inaweza kuwekewa taima ya aina hiyohiyo?

Mshika_Koleo

Ndugu Dirisha, nyutro ya soketi usiiguse. Natanguliza jibu hilo kwa sababu ndilo kosa ninaloitwa kulirekebisha mara nyingi kuliko yote katika kazi hii.

Kwa kawaida soketi na taa hulindwa na breka tofauti. Ukiipa taima moto wa taa (waya unaoleta umeme) na nyutro ya soketi, umeme utatoka kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine. Ikiwa nyumba ina kifaa cha kukata umeme unapovuja, kifaa hicho hufanya kazi kwa kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Vikitofautiana, hukata, nawe utabaki ukitafuta hitilafu isiyokuwepo. Hilo ndilo baya dogo. Kubwa zaidi ni kwamba siku moja mtu atazima breka ya soketi, atafungua waya wa nyutro akiamini hauna umeme, kumbe taima inaupitishia moto kutoka upande wa taa.

Sasa kuhusu nyaya zako mbili. Swichi ya kawaida haitumii umeme kwa ajili yake yenyewe. Kazi yake ni kuukata moto na kuuunganisha tu. Kwa hiyo fundi aliyejenga mfumo wako alishusha kwenye boksi waya wa moto na waya unaorudi kwenye taa, nayo nyutro ikabaki juu, kwenye taa zenyewe. Taima ya kielektroniki ina saa ndani yake, na saa hiyo inahitaji umeme hata wakati taa imezimwa. Ndiyo maana inadai nyutro. Tena usiamini rangi peke yake, wewe na yeyote atakayesoma hapa baadaye. Waya wa bluu katika boksi la swichi, au mweupe katika nchi zinazofuata rangi za Marekani, mara nyingi ni waya wa moto uliotumika kama mmoja wa jozi, wala si nyutro kabisa.

Kinachobaki ni kuchagua taima inayokubali boksi ulilo nalo, kwa maana ukuta hautabadilika kwa sababu ya maandishi yaliyo kwenye pakiti. Unaweza kuvuta waya mpya wa nyutro kutoka kwenye taa hadi kwenye boksi, jambo lililo rahisi ikiwa nyaya zimepita ndani ya bomba lenye nafasi, na gumu sana ikiwa zimezikwa moja kwa moja kwenye lipu. Unaweza kununua taima ya betri, ambayo saa yake huendeshwa na betri, na relei yake (swichi ndogo ya ndani inayoendeshwa na umeme) hutumia umeme pale tu inapobadili hali. Hiyo hutosheka na nyaya mbili. Zipo pia taima za nyaya mbili zisizo na betri, lakini hizo hujilisha kwa kupitisha umeme mdogo kwenye balbu hata taa ikiwa imezimwa. Balbu ya zamani ya utambi haikujali umeme huo, ila ya LED inaweza kubaki ikififia usiku kucha au kumetameta. Nyingi kati ya taima hizo huweka pia kima cha chini cha mzigo, na wati zako 18 huenda zisikifikie. Mimi nisingezichagua kwa taa zako.

Njia ya nne ni taima inayokaa ndani ya kisanduku cha breka, juu ya reli ya chuma pamoja na breka nyingine. Huko nyutro ipo tele, na swichi ya mlangoni haiguswi. Inafaa endapo taa za nje zina breka yao peke yake. Zikiwa zimechanganywa na taa za vyumbani, taima itazizima na hizo pia.

Saa_za_Machweo

Mshika_Koleo amesema vema juu ya nyaya. Mimi nitaongeza juu ya aina ya saa, kwa kuwa nimezitumia zote tatu kwa miaka mingi.

Ya duara yenye vijino ni rahisi kuielewa: kila kijino ni dakika 15 au 30, kwa hiyo duara la saa 24 lina vijino 96 au 48. Udhaifu wake ni kwamba mota yake husimama umeme ukikatika. Umeme ukikosekana kwa saa mbili, ratiba yako yote inachelewa kwa saa mbili mpaka uirekebishe kwa mkono, na ikiwa ulikuwa safarini, hakuna wa kuirekebisha. Ya kidijitali huwa na betri ndogo au kapasita (kijenzi kinachohifadhi umeme kidogo) ya kutunza saa umeme unapokatika, lakini muda wa hifadhi hiyo hutofautiana sana, kuanzia saa chache hadi miaka. Tafuta maelezo hayo kwenye pakiti kabla ya kitu kingine chochote.

Ile inayojua machweo haina jicho la kuona mwanga. Huikokotoa saa kutokana na tarehe na mahali ulipo, yaani latitudo na longitudo unazoziingiza. Faida yake hutegemea umbali wako na ikweta. Karibu na ikweta saa ya machweo husogea kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, hivyo ratiba isiyobadilika inatosha kabisa. London, kwa mfano, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri katika Desemba na baada ya saa tatu usiku katika Juni. Huko taima ya kawaida ingekudai uibadilishe kila baada ya wiki chache. Ukiinunua, kuwa mwangalifu na herufi za kaskazini na kusini, kwa sababu ukizikosea taima itageuza majira yako juu chini. Mashariki na magharibi ni vivyo hivyo: kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4, kwa hiyo aliye nyuzi 30 mashariki akiandika magharibi atapata machweo yaliyokosewa kwa saa nne nzima.

Kuna jambo moja linalotukumba sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Taima husoma saa kuanzia usiku wa manane. Saa moja jioni ni 19:00, wala si 1:00 wala 7:00. Nimeona taa ikiwaka saa saba usiku kwa sababu mwenyewe aliandika 1:00 akimaanisha saa moja. Chagua mfumo wa saa 24 kwenye kifaa, kisha andika ratiba yako kwenye karatasi kwa tarakimu hizo kabla ya kugusa kitufe.

Kipimo_Kwanza

Ningependa kuongeza jambo la mzigo, kwani naona halijaguswa. Watu husoma "ampea 16" kwenye kifaa, huzidisha kwa volti 230, hupata wati 3,680, na kuona kwamba taa zao chache haziwezi kukisumbua. Hesabu hiyo ni ya mzigo wa kawaida kama hita au balbu ya utambi. Balbu ya LED ina kapasita ndani yake inayovuta umeme mwingi kwa kitambo kifupi mno inapowashwa, mara nyingi zaidi ya umeme wake wa kawaida, na mvuto huo unaweza kuziunganisha ncha za relei zikagandana. Dalili yake ni taa isiyozimika hata saa yake ikifika, huku kioo cha taima kikionyesha kuwa imezima. Kwa sababu hiyo watengenezaji huandika kikomo cha LED peke yake, na huwa kidogo sana kuliko kile cha jumla. Wati zako 18 hazileti wasiwasi, lakini mtu mwenye taa ishirini za bustani anapaswa kusoma mstari huo.

Kuhusu korido: swichi mbili zinazoendesha taa moja hupeana umeme kwa nyaya mbili za kati, na taima nyingi za kuwasha na kuzima tu haziwezi kuingia hapo. Zipo zenye ncha tatu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, ila kuna hila. Mtu akibonyeza swichi ya upande wa pili, maana ya "washa" na "zima" kwenye taima hubadilika, isipokuwa kama kifaa kina uwezo wa kutambua hali ya taa. Kwa korido mimi ningeweka kihisio cha mwendo au taa ndogo ya soketi yenye taima ya kuchomeka, ambayo haihitaji kufungua ukuta.

Dirisha_la_Mashariki

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimekagua na kukuta kwamba taa za nje zinashiriki breka na taa za vyumba viwili, kwa hiyo taima ya kwenye kisanduku haiwezekani, na bomba limejaa nyaya kiasi kwamba nyutro mpya haipiti. Nimechagua taima ya betri ya ratiba ya siku saba. Korido nimeiacha kama ilivyo. Naomba sasa mwongozo wa kuifunga.

Mshika_Koleo

Kwanza hakikisha kwamba sheria ya mahali ulipo inakuruhusu kuigusa kazi hii. Kuna nchi ambazo kazi yoyote ya nyaya zisizochomoka ni ya fundi mwenye leseni pekee, na huko mwite.

Ukiruhusiwa, anza na picha ya swichi ya zamani kabla ya kulegeza skrubu. Zima breka, kisha thibitisha kwa mita au testa ya ncha mbili: ijaribu kwanza kwenye sehemu unayojua ina umeme, ijaribu kwenye nyaya za boksi swichi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kisha irudishe tena kwenye sehemu yenye umeme ili ujue haikuharibika katikati ya kazi. Testa inayolia bila kugusa waya inafaa kutafuta umeme, lakini haitoshi kukuthibitishia kwamba haupo.

Nyaya zako ni za rangi moja, kwa hiyo ni lazima uutambue wa moto. Zitenganishe mbali, ncha zisigusane wala kugusa boksi, rudisha breka, pima kila mmoja dhidi ya ethi bila kuushika, kisha zima tena na upime upya. Ule wenye volti kamili ni wa moto; utie alama ya utepe na uupeleke kwenye tundu la L, ambalo ni la moto. Mwingine unakwenda kwenye tundu lenye mshale wa taa. Ukikuta nyaya mbili chini ya skrubu moja ya swichi ya zamani, usizitenganishe kiholela, kwa maana mmoja wao huenda unapeleka moto kwenye swichi nyingine. Ziunge pamoja kwa kiunganishi na utoe kipande kimoja kuingia kwenye taima.

Menya waya kwa urefu ulioandikwa nyuma ya kifaa, kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa mkono; ukitoka, haukuwa umekazwa. Pima pia kina cha boksi kabla ya yote. Taima ni nene kuliko swichi, na boksi la milimita 25 lililotosha swichi linaweza kuzibana nyaya nyuma ya taima hadi maganda yakachubuka.

Dirisha_la_Mashariki

Ninarudi na taarifa. Boksi langu lilikuwa la milimita 35 na taima imeingia bila kulazimisha. Chini ya skrubu moja kulikuwa kweli na nyaya mbili, ambazo mwanzoni nilizihesabu kuwa mmoja, kama alivyotahadharisha Mshika_Koleo, na nilipozipima nikagundua kwamba mmoja unalisha swichi ya sebule. Usiku wa kwanza taa hazikuwaka, nikadhani nimekosea nyaya. Kumbe nilikuwa nimeiacha taima katika hali ya kuendeshwa kwa mkono, nayo haikufuata ratiba hata kidogo. Nilipoirudisha kwenye hali ya kujiendesha, taa ziliwaka 18:45 na kuzima 06:15, na hivyo ndivyo zimefanya kwa siku tisa sasa. Pembeni ya kisanduku cha breka nimebandika karatasi yenye ratiba na tarehe niliyoweka betri.