Malalamiko: Mlinzi wa besi ya pili hapimwi kwa kabati la tuzo

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, na nisingefungua uzi huu kama si ile orodha ya walinzi kumi bora wa besi ya pili wa nyakati zote katika besiboli ya Marekani iliyozungushwa wiki iliyopita na kushangiliwa kana kwamba imeshushwa na malaika. Roberto Alomar amewekwa wa kwanza. Bill Mazeroski ni wa saba, na amepewa nusu mstari wa maelezo kwamba alibebwa na homurani moja, yaani pigo moja lililouvusha mpira nje ya uwanja. Frank White amewekwa wa kumi, kama mgeni aliyeitwa mezani kwa kuwa kiti kimebaki. Chase Utley hayumo kabisa. Mwenye orodha alipoulizwa ametumia kigezo gani, alijibu kwa neno moja tu: tuzo.

Hebu tuitazame hiyo tuzo. Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora wa kila nafasi, ilianza kutolewa mwaka 1957, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake imeamuliwa kwa kura za mameneja na makocha, watu ambao wakati wa mchezo macho yao yako kwa mrushaji wao na kwa mpigaji anayefuata, na ambao mlinzi wa timu pinzani wanamwona mara chache kwa msimu. Takwimu za ulinzi ziliingizwa kwenye hesabu mwaka 2013 tu, nazo zikapewa takribani robo ya uzito. Kura hizo hizo ndizo zilizompa Rafael Palmeiro tuzo ya besi ya kwanza mwaka 1999, msimu ambao alisimama kwenye besi hiyo katika michezo 28 pekee, na siku nyingine nyingi akawa mpigaji asiyevaa glavu kabisa. Alipiga vizuri, basi wakamzawadia ulinzi! Halafu leo mtu mzima ananiambia nihesabu tuzo.

Alomar anazo 10, na hakuna mlinzi wa besi ya pili aliyemfikia. Sibishi kwamba alipendeza kumtazama. Alisimama nyuma sana, karibu na nyasi za nje, akajirusha, akanyanyuka huku anazunguka na kurusha, na uwanja mzima ukasimama. Lakini kujirusha ni habari ya mahali mtu alipoanzia na jinsi hatua yake ya kwanza ilivyokuwa. Aliyewahi kufika hana haja ya kuchafua jezi, na kwa sababu hiyo hakuna anayemkumbuka. Hesabu zilizofanywa baadaye kuhusu eneo alilolifunika zinamweka kwenye wastani au chini yake. Nakubali kwamba hesabu za miaka ya 1990 ni makadirio yatokanayo na kumbukumbu za michezo, si kamera, na kwamba makadirio hukosea. Hata hivyo, uwe mkarimu utakavyo, hazimfikishi kileleni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba katika maoni zaidi ya mia moja chini ya orodha ile, hakuna hata mmoja aliyegusa kazi inayoitofautisha besi ya pili na nafasi nyingine zote, yaani kuwatoa wakimbiaji wawili kwa mkupuo. Mpira wa chini unakwenda kwa shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, au kwa mlinzi wa besi ya tatu. Wewe wa besi ya pili unakimbilia besi yako, unapokea mpira unaotoka upande mmoja, unaigusa besi kwa mguu ili kumtoa mkimbiaji wa kwanza, kisha unageuza mwili wote na kuutupa upande mwingine, takribani mita 27, kabla mpigaji hajafika besi ya kwanza. Wakati huo huo, mkimbiaji aliyetoka besi ya kwanza anakuja kwa kasi yake yote, na kwa miongo mingi hakuja kuitafuta besi, alikuja kuitafuta miguu yako. Mimi niliujua mchezo huu ukubwani, baada ya kuhamia Marekani, kwa kucheza softiboli ya Jumamosi na wafanyakazi wenzangu. Niliwekwa besi ya pili kwa sababu mkono wangu ni dhaifu. Mara ya kwanza nilipojaribu mzunguko huo niliutazama mpira, nikamsahau mkimbiaji, nikala vumbi na kuchechemea wiki nzima. Yule bwana aliyeniangusha alikuwa mhasibu mwenye kitambi.

Sasa mfikirieni Mazeroski, aliyeifanya kazi hiyo Pittsburgh tangu 1956 hadi 1972 dhidi ya watu waliolipwa kumwangusha. Alishiriki katika kuwatoa wawili kwa mkupuo mara 1,706, rekodi ya walinzi wa besi ya pili ambayo hadi leo haijavunjwa. Mwaka 1966 peke yake alifanya hivyo mara 161, na hiyo nayo bado inasimama. Wenzake walimwita "Asiye na Mikono", kwa sababu mpira ulionekana kuigusa tu glavu yake ndogo na kuondoka. Haukuingia, haukutulia, haukuchomolewa. Glavu ndogo ilikuwa ya makusudi, kwani ndani ya glavu kubwa vidole vinautafuta mpira, na kuutafuta ni muda. Uwanja wake wa nyumbani hadi katikati ya 1970, Forbes Field, ulikuwa na udongo mgumu kiasi kwamba katika mchezo wa saba wa World Series (fainali ya ubingwa) ya 1960 mpira wa chini ulidunda vibaya na kumpiga Tony Kubek, shotistopu wa Yankees, kooni, akatolewa uwanjani. Kwenye udongo huo ndiko Mazeroski alikofanyia kazi yake ya kila siku.

Kuna aliyeandika kwamba warushaji wa Pirates, timu yake ya Pittsburgh, waliruhusu wakimbiaji wengi besini, ndiyo maana nafasi zikawa nyingi. Hiyo ni hoja ya mtu anayefikiri, naiheshimu. Lakini nafasi zilikuja kwa walinzi wengi katika historia ndefu ya mchezo huu, na waliozigeuza kuwa wawili nje kwa kiwango hicho hawaonekani. Ama hiyo homurani yake, iliyoifunga Yankees 10 kwa 9 tarehe 13 Oktoba 1960, ndiyo pekee iliyowahi kumaliza mchezo wa saba wa World Series, na nadhani imemdhuru. Imewafanya watu waamini kwamba aliingia Cooperstown, yaani jumba la heshima la besiboli, mwaka 2001 kwa ajili ya pigo moja, ilhali mtu mwenye wastani wa upigaji wa .260 tu na homurani 138 katika misimu 17 hakuingizwa kwa upigaji.

White ana Gold Glove 8, sawa na Mazeroski, kwa hiyo hata kwa kigezo chenu wenyewe nafasi ya kumi ni dhuluma. Alizaliwa mbali, akakulia Kansas City, akafanya kibarua katika ujenzi wa uwanja ambao baadaye aliulinda, kisha akacheza misimu yake yote juu ya nyasi bandia ambako mpira wa chini huteleza kama sabuni kwenye vigae. Cooperstown haijamfungulia mlango hadi leo.

Na Utley! Hana Gold Glove hata moja, wakati vipimo vya kisasa vilimweka miongoni mwa walinzi bora wa nafasi hiyo mwaka baada ya mwaka. Tafuteni video ya mchezo wa tano wa World Series ya 2008. Ni sare ya 3 kwa 3, nusu ya kwanza ya ingi (duru) ya saba kati ya tisa, Jason Bartlett wa Tampa Bay yuko besi ya pili. Mpira unapigwa katikati, Utley anaukimbilia na kuunasa akiwa amechelewa kumtoa mpigaji. Anajifanya anarusha besi ya kwanza. Bartlett anadanganyika, anaipita besi ya tatu, na mpira unakwenda besi ya nyumbani kwa mdakaji Carlos Ruiz, anayemgusa akiwa bado amenyoosha mkono. Philadelphia ilishinda 4 kwa 3 na kutwaa ubingwa usiku ule. Najua mtanikumbusha kwamba Utley huyu huyu alimvunja mguu Ruben Tejada kwa kumtelezea kwenye besi ya pili mwaka 2015, na kanuni ya kuteleza ikabadilishwa msimu uliofuata. Ni kweli, na mimi simtetei kwa hilo.

Ryne Sandberg na michezo yake 123 mfululizo bila kosa, yaani bila kuukosa mpira aliopaswa kuudaka au kuurusha, au Plácido Polanco aliyemaliza msimu wa 2007 bila kosa lolote katika michezo 141, nitawajadili na yeyote kwa adabu, ingawa mpira usioufikia hauandikwi kuwa kosa lako.

Kwa hiyo namtaka mwenye orodha aje hapa aeleze, bila kutaja tuzo wala upigaji, ni kwa nini ameweka watu sita juu ya Mazeroski. Nitakuwepo jioni yote.