MJADALA: Ramani ya biashara ya watumwa Katanga iandike majina ya nani?

Mleta mada (Lubumbashi, Kamalondo):

Jambo yenu wote. Naomba tujadili hili bila matusi.

Kuna hifadhi ya data inayoitwa SlaveVoyages, iko wazi kwenye intaneti. Imekusanya safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa, na watafiti wake wanakadiria kwamba Waafrika milioni 12.5 walipakiwa kuvuka Atlantiki kati ya 1501 na 1866. Karibu nusu yao walitoka pwani ya Kongo na Angola. Kijana wa hapa anaifungua kwenye simu, anaona mishale minene ikitoka Luanda, Benguela na Cabinda. Anatafuta Katanga, hakuna kitu. Anaondoka akiamini balaa ile iliwahusu watu wa pwani tu.

Mimi nasema tuchore ramani yetu ya bara, itundikwe masomoni na kwenye makumbusho. Meli zilikuwa na karatasi: ushuru, bima, daftari la nahodha. Msafara wa miguu kutoka Bunkeya, mji wa mfalme Msiri huku Katanga, kwenda Bihé katikati ya Angola haukuwa na karatasi za namna hiyo, na mtu aliyezaliwa huku akauzwa mara mbili tatu njiani anahesabiwa chini ya bandari aliyopakiwa. Halafu angalieni tarehe. Data ile inakoma 1866, wakati Msiri ndiyo kwanza anajiimarisha Katanga. Mateka walionunuliwa na wafanyabiashara wa Angola miaka ya 1870 na 1880 hawakupelekwa tena Brazil wala Cuba. Wengi walibaki Angola, wengine walibadilishwa kwa pembe za ndovu huko huko njiani, wengine wakaishia mashamba ya kakao ya São Tomé kwa jina la vibarua wa mkataba. Hakuna mshale unaowaonyesha hao.

Hata pale namba ilipoandikwa, isomeni kwa uchungu. Mwaka 1875 Mwingereza Cameron, akivuka Afrika kutoka Bagamoyo hadi Benguela, alimwona mfanyabiashara wa Bihé aitwaye Coimbra akiingia kambini na wanawake 52 kutoka nchi ya Waluba, wamefungwa kamba kwa makundi. Wengine walikuwa na watoto mikononi, wengine wajawazito, na wote wamebebeshwa mizigo iliyoporwa vijijini mwao. Cameron alikadiria kwamba ili kuwapata hao 52, vijiji visivyopungua 10 viliteketezwa, vyenye watu kama 1,500 kwa jumla. Kwenye jedwali utaona 52. Waliopigwa risasi, walioungua na waliokufa njaa porini hawana safu yao.

Sasa swali langu: ramani hiyo iwataje waliouza? Mimi nasema iwataje.

Mwalimu wa historia, Katuba:

Ndugu, ramani naikubali. Majina yananitia hofu. Mwaka 1992 na 1993 tuliona katika mkoa huu majirani wakifukuzwa na kupandishwa treni kwa sababu ya asili yao ya Kasai. Ukimpa mtoto wa miaka 13 ramani yenye rangi, kabila hili wauzaji, lile wauzwaji, kesho yake utasikia ugomvi uwanjani. Mimi ndiye nitakayesimama katikati yao, si wewe.

Mtu wa Likasi, mjukuu wa Bayeke (watu wa Msiri):

Na mimi niseme. Kwetu Mwami Msiri ni mfalme aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 na kapteni Bodson kwa kukataa bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Waliotuandikia kwamba alikuwa mwuza watu ndio hao hao waliokuja kuchukua nchi yake. Vita dhidi ya utumwa ilikuwa kisingizio chao, na baada yake ikaja kazi ya lazima na kuvuna utomvu wa mpira. Mbona hao hamuwachori?

Mwanafunzi wa jiografia, komini ya Kenya, Lubumbashi:

Yaya wa Likasi, kuchorwa watachorwa. Lakini bunduki na baruti za Bunkeya zililipiwa kwa shaba, chumvi, pembe na watu pia. Hilo halikuandikwa na wanajeshi wa Leopold peke yao. Mmisionari Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886, kabla ya msafara wa Stairs uliomuua Msiri, akaishi hapo.

Kwa upande wa kazi: tusichore njia zote kwa wino mmoja. Njia iliyoonwa na msafiri aliyeandika, mstari mzima. Njia tunayoijua kwa masimulizi ya wazee, mstari wa vipande. Tunayokisia tu, nukta. Na unene wa mstari usimaanishe idadi ya watu, maana idadi hatuna. Mstari mwembamba utasomwa kama watu wachache, na huo utakuwa uongo.

Mama wa Ruashi:

Kila mtu hapa anawataja wafalme na wazungu. Wale wanawake 52 walikuwa na majina.

Mleta mada:

Aksanti sana, mama. Ni kweli, na Cameron hakuyaandika. Huko Freetown na Havana, mahakama zilizowaachia huru watu wa meli za watumwa zilizokamatwa ziliandikisha majina ya Waafrika zaidi ya 90,000, na watafiti wanatumia majina hayo kutafuta walikotoka. Sisi hatuna daftari la namna hiyo, ila masimulizi ya familia tunayo. Yaingie.

Mwalimu, hoja yako inanibadilishia namna ya kuchora. Tusipake kabila lolote rangi. Kabila halikuuza mtu. Aliyeuza ni mtawala fulani, mwaka fulani, kwa mnunuzi fulani aliyeleta bunduki. Msiri aandikwe, Coimbra aandikwe, na kwa njia ya mashariki, Nyangwe na Kasongo hadi Ujiji na Tabora, Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, aandikwe, pamoja na ukweli kwamba mwaka 1887 serikali ya Leopold yenyewe ilimfanya gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo). Yaya wa Likasi, kifo cha Mwami kiwekwe kwenye ramani hiyo hiyo, na Wasanga walioasi dhidi yake wawekwe pia. Kumheshimu hakututaki tuwafiche waliouzwa mlangoni pake.

Napendekeza tuanze na njia moja, Bunkeya kwenda Bihé na Benguela. Mwenye simulizi la nyumbani aandike hapa chini: kijiji, mto ulio karibu, nani alimsimulia, na huyo alisikia kwa nani. Simulizi lenye kulitaja kabila la jirani kwa matusi halitaingia.

Mwalimu wa historia, Katuba:

Kwa masharti hayo nitaipeleka darasani. Lakini mistari ya nukta muitoe kwanza. Mwanafunzi wa sekondari akiona nukta ataziunganisha mwenyewe.

Mwanafunzi wa jiografia, komini ya Kenya:

Hapo sikubaliani, mwalimu. Tukizitoa, Katanga inarudi kuwa nyeupe.