Ziara ya siku moja Mombasa kwa wanafunzi 40: tuone nini, na nani atuongoze?

Mwalimu wa Voi

Hamjambo wenyeji wa Mombasa. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili mjini Voi. Muhula ujao tunatarajia kuwaleta wanafunzi 40 kwa ziara ya siku moja. Tutaondoka alfajiri kwa basi la shule na ni lazima turudi usiku uo huo. Wengi wao hawajapata kufika pwani, ingawa darasani wamesoma habari za Wareno, Waomani na biashara ya Bahari ya Hindi.

Kampuni moja ya utalii tuliyowasiliana nayo imetuletea ratiba yenye vituo vingi mno: Fort Jesus, Mji wa Kale, sanamu za Pembe za Ndovu, soko la Marikiti, kivuko cha Likoni, bustani ya Mama Ngina, na bado ufuo wa Nyali. Nachelea kwamba watoto watashinda wakipanda na kushuka basi, kisha warudi nyumbani na picha nyingi na maarifa kidogo.

Naomba ushauri wenu. Katika hivyo vituo, ni vipi vinavyostahili kubaki? Je, tukodi mwongozaji, au mimi niliyesoma historia hiyo niwatembeze mwenyewe? Tena, Mji wa Kale ni makazi ya watu. Kundi kubwa la vijana linapitaje humo pasipo kuwaudhi wenyewe?

Mkaazi wa Kibokoni

Karibuni sana, mwalimu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu wageni wengi hawaliulizi, na sisi tunaoishi huku tungependa liwe la kwanza.

Vichochoro vyetu ni vyembamba. Kundi la watu 40 likisimama kusikiliza maelezo, mkokoteni haupiti, pikipiki haipiti, na mama aliyetoka sokoni na vikapu vyake hana pa kupita hata kuufikia mlango wake mwenyewe. Wagawe wanafunzi katika makundi manne, kila kundi na mwalimu au mwongozaji wake, na makundi yapishane kwa robo saa hivi. Wafundisheni kuwaamkia wazee waliokaa barazani kabla ya kutazama nyumba zao. Shikamoo moja itawafungulia mazungumzo ambayo hayapatikani kwa fedha. Mavazi yawe ya heshima, na sare ya shule inatosha. Msimpige mtu picha bila idhini yake, hasa kina mama, wala msichungulie ndani ya mlango ulioachwa wazi. Kule Bandari ya Kale ulizeni walinzi kabla ya kutoa kamera. Ijumaa iepukeni, kwa kuwa ikikaribia adhuhuri maduka hufungwa na njia hujaa watu wanaokwenda msikitini.

Kuhusu njia yenyewe, mtokapo Ngomeni, yaani Fort Jesus, shikeni Ndia Kuu, ambayo ni miongoni mwa barabara kongwe kabisa za mji huu. Ifuateni hadi Leven House, nyumba iliyopata kuwapokea wamishonari na wasafiri wengi wa karne ya 19, mshuke ngazi zake kuelekea baharini, kisha mpite Forodhani na mrudi kwa barabara ya Mbarak Hinawy. Mtaukuta Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570. Mnara wake mweupe hupungua unene kadiri unavyopanda, na hauna mfano wake katika misikiti mipya ya mjini. Utazameni kwa nje, kwa utulivu.

Katika njia hiyo nakuomba usimame penye nyumba moja tu, lakini usimame hasa. Chagua yenye mlango wa nakshi. Waonyeshe mfaa, yaani ule ubao wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili za mlango, na jinsi fundi alivyoujaza maua na minyororo toka juu hadi chini. Waonyeshe miimo, halafu kizingiti cha juu ambacho katika baadhi ya nyumba kimeandikwa kwa hati za Kiarabu. Kisha wainue macho waone roshani, ambayo mbao zake zimetobolewa ili upepo upite na aliye ndani aone njia bila yeye kuonekana. Panapo ukuta uliobanduka lipu, watayaona mawe ya matumbawe na chokaa, na pengine ncha za boriti za mikandaa, miti ya mikoko ya pwani. Waulize kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu lakini vyembamba. Jibu liko juu ya vichwa vyao: boriti ya mkandaa iliyo imara haizidi sana mita tatu, na ndiyo iliyobeba dari. Mwanafunzi akilijua hilo kwa kuliona, hatahitaji kulikariri.

Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na hata hivyo nyumba za aina hii zinazidi kupungua. Ni kheri vijana wazione sasa.

Mwongozaji wa Ngomeni

Mwalimu, nami nafanya kazi ya kuongoza wageni, kwa hiyo nitalijibu swali lako la pili. Unaweza kabisa kuwafundisha mwenyewe, na hakuna atakayekuzuia. Hata hivyo, kuijua historia ni jambo moja, na kujua kila tukio lilitokea upande gani wa ukuta ni jambo jingine. Ndani ya ngome chukueni mwongozaji mwenye leseni na kitambulisho, na mkubaliane malipo kabla ya hatua ya kwanza, kwa kundi zima wala si kwa kila kichwa. Mtu akikufuata langoni na kukwambia bei mtaipanga baadaye, mkatae kwa upole.

Kama unataka kumpima mwongozaji, muulize kuhusu jiwe la maandishi lililo juu ya lango. Ni la mwaka 1635, na linamtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ukapteni wa ngome akiwa na umri wa miaka 27. Sababu ya yeye kuijenga upya ngome ndiyo hadithi inayofaa kuanzia. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa ambaye baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, alichukuliwa Goa, makao ya Wareno huko Bara Hindi, angali mtoto, akabatizwa jina la Dom Jerónimo na kulelewa kama wao, kisha akarudishwa kutawala. Mnamo Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kuishika ngome. Wareno walipoleta jeshi walishindwa kuitwaa, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaihama na kwenda kupigana nao baharini. Vijana wa umri wa wanafunzi wako husikiliza kisa hiki bila kupepesa macho, kwa kuwa ni kisa cha kijana mwenzao aliyetenganishwa na kwao.

Baada ya hapo pandeni buruji la San Felipe, yaani sehemu ya ukuta iliyotokeza nje kwenye pembe ya ngome, penye Nyumba ya Waomani. Hapo usitoe maelezo mara moja. Mwambie mwanafunzi mmoja ajifanye adui anayejificha chini ya ukuta, na wengine watafute buruji ambalo mizinga yake ingemfikia. Watagundua wenyewe kwamba karibu kila futi ya ukuta inaonekana kutoka buruji jingine. Huo ndio ufundi wa Giovanni Battista Cairati, Mwitalia aliyeichora ngome hii iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, na ni sehemu ya sababu za UNESCO kuiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Ufundi huo haukuwasaidia Wareno wakati wa mzingiro wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi, na ikafika wakati ngome ikasimamiwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake, Waswahili waliokuwa upande wa Wareno. Lisisitize jambo hili, mwalimu, kwa sababu vitabu vingi vya shule huwapanga watu wa pwani upande mmoja na wageni upande wa pili, na mambo hayakuwa mepesi hivyo. Ndani ya makumbusho mtaona pia vyombo vilivyotolewa katika merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na michoro ya merikebu, samaki na watu ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani. Michoro hiyo ipeni muda.

Hayo yote huchukua saa mbili na nusu. Andikeni barua mapema kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kuwa ada ya wanafunzi ni nafuu kuliko ya watu wazima.

Mwalimu mstaafu, Tudor

Nimesoma maelezo ya ndugu zangu wawili kwa furaha, nami naafikiana nao kwa mengi. Pembe za Ndovu mtaziona dirishani mwa basi na inatosha. Waambie tu kwamba za kwanza ziliwekwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Likoni na Nyali ziacheni.

Ninalotofautiana nalo ni kwamba ngome imepewa nafasi kubwa mno. Ngome ni habari za waliokuja kutawala. Kumbuka pia kwamba kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya gereza, kabla ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mtoto asipoambiwa hilo atadhani historia yake iliisha kwa Waomani. Mji ulikuwapo kabla ya ukuta huo. Msafiri Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, na miaka zaidi ya mia moja na sitini baadaye, Aprili 1498, Vasco da Gama akaukuta ni mji wa mawe wenye biashara yake. Katika karne ya 19 alikuwapo Muyaka bin Haji, mshairi aliyeingia katika siasa za Mombasa na Oman kwa tungo zake. Kabla ya safari, wasomeeni ubeti mmoja wa Muyaka darasani, ili wakipita mtaani wajue kwamba watu waliokuwa wakikaa katika mabaraza haya walikuwa na sauti yao.

Tena kuna jambo linalowahusu ninyi wa Voi. Mtakapofika Mazeras mtakuwa karibu na Rabai, ambako wamishonari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao mwaka 1846. Mwaka 1848 Rebmann alitoka huko, akapita nchi ya Wataita, yaani kwenu, hadi akauona mlima Kilimanjaro. Kanisa la zamani la hapo ni makumbusho sasa. Mngeweza kusimama walau saa moja.

Mkaazi wa Kibokoni

Mwalimu wangu, heshima yako iko palepale, lakini hapo kwenye Rabai siafiki. Barabara ya kutoka Mazeras hadi kisiwani ina malori ya bandari na msongamano usiotabirika. Wakisimama Rabai asubuhi watafika Ngomeni jua likiwa kali, na Mji wa Kale utaangukia wakati wa adhuhuri, tena kwa haraka. Rabai ni pazuri, na kwa sababu hiyo papewe siku yake, hasa kwa kuwa ni karibu zaidi na Voi.

Mwalimu mstaafu, Tudor

Kuhusu malori umesema kweli. Basi iwe ziara ya pili, lakini isisahauliwe.

Mwalimu wa Voi

Nawashukuru sana. Nimeamua hivi: tutakuja Jumanne au Jumatano, tuwe Ngomeni lango linapofunguliwa, tuwe na mwongozaji mwenye leseni kwa kila wanafunzi 20, kisha tupumzike na kula, na baada ya alasiri tuingie Mji wa Kale kwa makundi ya watu kumi kwa njia ya Ndia Kuu. Vituo vingine vyote nimeviondoa, na Rabai nimeiweka katika mpango wa mwaka ujao. Kisa cha Yusuf bin Hasan nitakifundisha juma moja kabla, nikiishia pale anaporudishwa kutawala, ili sehemu iliyobaki waisikie ndani ya ngome yenyewe.

Limebaki swali la chakula. Bajeti ya shule ni ndogo, na sipendi wale mkate na soda juani.

Mkaazi wa Kibokoni

Hilo lisikupe tabu. Mtaani kuna kina mama wanaopika kwa oda, na kwa idadi yenu sahani ya pilau na kachumbari hushuka bei sana kuliko mkahawani. Waambie waongeze juisi ya ukwaju. Kama fedha ni kidogo zaidi, mahamri na mbaazi hushibisha, na njiani jioni watapata viazi karai na mihogo ya kukaanga kwa bei ya mwanafunzi. Muhimu ni kumpa mpishi idadi kamili siku mbili tatu mapema, pamoja na majina ya wasioweza kula kitu fulani, na kumlipa nusu kabla, kwa kuwa nyama na mchele hununua kwa fedha yake. Karibu na siku yenyewe andika hapa, nami nitakuunganisha na mmoja ambaye nyumba yake ina ua mpana wenye kivuli, mahali ambapo watoto wote wanaweza kuketi mkekani kwa pamoja na kusubiri alasiri.