Soave mbili kwenye menyu, bei mbili: nimweleze nini mgeni?

Kizibuo_Malindi

Salaam wadau. Mimi ni mhudumu wa meza katika mkahawa mmoja hapa Malindi, na mnaijua Malindi: nusu ya wateja wangu ni Wataliano. Lugha yao naisema, niliiokota ufuoni tangu nikiwa mdogo. Kinachonisumbua ni mvinyo. Mimi Muislamu, sinywi wala sionji.

Menyu yetu ina Soave mbili, mvinyo mweupe wa Italia. Moja shilingi 3,200, nyingine 8,500 na imeandikwa Classico. Juzi mzee mmoja anayekuja kila msimu akaniuliza, "Zote si Garganega? Sasa hii ya pili ina nini?" Nikamjibu ni nzuri zaidi. Akacheka, akaagiza bia.

Hiyo Garganega ni zabibu ya namna gani, na hizo 5,300 za juu zinalipia kitu gani? Na mtu asiyeonja atajifunzaje?

Mnyoofu

Kaka, tafuta kazi nyingine. Anayebeba pombe naye yumo dhambini.

Kizibuo_Malindi

Nimekusikia, sheikh. Karo ya Januari nayo naisikia.

BintiTanga_Verona

Kaka wa Malindi, umebisha mlango wenyewe. Naishi Monteforte d'Alpone, jirani kabisa na mji wa Soave, mashariki ya Verona. Baridi ikikaza tunapogoa, na joto likianza kupungua tunavuna. Garganega naijua kwa mikono kwanza, ulimi baadaye.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo utakapomkamata mzee wako. Sisi Waswahili tunapenda kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hapa usikaze hapo. Kaza ya pili kutoka mwanzo: gar-GA-nega. Wengi wasiotoka Veneto, mkoa wetu huu, hulikosea.

Sasa mti wenyewe. Garganega ina nguvu kupita kiasi. Ukiiachia inazaa mpaka matawi yanalala, vishada virefu vilivyolegea, zabibu zimejaa maji na hazina la kusema. Ganda lake nene, na huchelewa kuiva. Wenzake weupe wameshavunwa, yenyewe bado inangoja mwisho wa Septemba, mara nyingine Oktoba imeingia. Kwa hiyo mkulima ana kazi mbili: kuinyima, na kuisubiri. Kuinyima maana yake unakata vishada vizuri kabisa na kuvitupa chini ili vilivyobaki vishibe. Mama mkwe wangu mpaka leo hawezi kutazama. Yeye ni wa zamani, kutupa chakula ni dhambi.

Hapo ndipo pesa zako zilipo. Sheria inaruhusu Soave ya kawaida tani 15 za zabibu kwa hekta, Classico tani 14, na Soave Superiore, ambayo iko daraja la juu zaidi, tani 10. Utasema 15 na 14 zina tofauti gani. Kwenye karatasi hazina. Tofauti ni mahali. Classico lazima itoke kwenye vilima vya zamani vya Soave na Monteforte, eneo lililowekewa mipaka mwaka 1931. Mwaka 1968 Soave ilipopewa hadhi ya DOC, yaani jina la mvinyo linalolindwa na sheria ya Italia, mipaka ilisogezwa mbali hadi tambarare, kwenye udongo mnene wenye rutuba. Mpe Garganega rutuba uone! Na Marekani ya miaka ya 1970 ilikuwa inaimeza Soave kama maji, kwa hiyo viwanda vikubwa vikatoa ilichotaka. Jina likachakaa. Wazee wengi wa Kiitaliano bado wana kumbukumbu ya chupa zile, ndiyo maana wako anauliza kwa kejeli.

Huku juu kwetu ardhi ni mawe meusi ya volkano, na ukienda upande wa ngome ya Soave inageuka chokaa nyeupe. Mizabibu mingi imetandazwa juu ya chanja, wanaiita pergola, na sisi tunavuna tumesimama chini yake mikono juu, kivuli kizuri lakini mabega yanalia. Kuna miteremko ambayo trekta haifiki, kila kreti linashushwa na mtu. Mashamba haya ya kizamani FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyaingiza mwaka 2018 kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Mabega yangu hayajapata cheti.

Mzee wako pia msahihishe kwa adabu: si lazima zote ziwe Garganega tupu. Sheria inataka angalau asilimia 70. Iliyobaki huwa Trebbiano di Soave, ambayo ndiyo zabibu ya Verdicchio ya kule mkoa wa Marche kwa jina lingine, au Chardonnay. Nyumba ya Pieropan, watengeneza mvinyo ambao hapa hakuna asiyewajua, ina shamba liitwalo Calvarino, na tangu mwaka 1971 wanalitengenezea chupa yake peke yake, wakati majirani walikuwa wanachanganya kila kitu kwenye pipa moja. Humo wanatia Trebbiano di Soave. Chupa yao nyingine, La Rocca, ni Garganega peke yake. Na Calvarino imeandikwa Classico, si Superiore, kwa hiyo usimwambie mgeni kwamba bila neno Superiore mvinyo ni dhaifu. Tazama jina la mkulima kabla ya cheo.

Kuhusu kuonja, sitakushauri uonje. Pua inatosha. Ukimimina, ngoja kidogo, sogeza bilauri, vuta hewa. Garganega nzuri haipigi kelele: maua meupe, limau, peya, mara nyingine chai ya kamomili. Kisha kuna lozi. Nenda sokoni, nunua lozi zenye ganda la kahawia, ponda moja uinuse, hiyo ndiyo harufu. Ulimini inabaki uchungu mdogo wa lozi baada ya kumeza, na wageni watakutajia kabla hujawauliza. Ile ya 3,200 nayo huenda ikawa nayo, lakini inapita upesi.

Na tafadhali msiizike kwenye barafu. Nyuzijoto 10 hadi 12 inatosha. Ikigandishwa, ya bei na ya mia zinakuwa kitu kimoja, na mzee atakuwa amekushinda kihalali.

Shamba_Dodoma

Dada, shikamoo. Nalima zabibu Dodoma, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Nikipata vipandikizi vya hiyo Garganega nitatoka?

BintiTanga_Verona

Marahaba. Mimi nisingeweka pesa yangu. Mti huu hapa unalala kabisa majira ya baridi, hauna hata jani, halafu unahitaji muda mrefu wa kuiva. Kwenu hakuna baridi ya kuulaza, ni kisu cha kupogolea ndicho kinachouamsha, na mnataka zao la pili liwahi. Mti mzito wa kuiva utakuchelewesha mavuno yote mawili. Ila hata hapa Italia umesafiri: kule Sicilia wanaulima kwa jina la Grecanico, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni mti uleule. Sicilia kuna joto, lakini baridi wanayo.

Kizibuo_Malindi

Dada, Mungu akuzidishie. Mzee alikuja jana. Nikamwambia gar-GA-nega, nikamtajia vilima na mawe meusi, akaniuliza nimefika Soave lini. Akachukua ya 8,500 na samaki changu wa kuchoma.

Swali moja la mwisho. Nyuma ya kaunta kuna chupa ndogo imeandikwa Recioto di Soave, rangi ya dhahabu, haina mnunuzi tangu nianze kazi. Meneja anataka tuitie kwenye ndoo ya barafu pamoja na zile nyingine tuiuze kwa bilauri.

BintiTanga_Verona

Mzuie! Hiyo ni Garganega ileile, lakini tunachagua vishada visivyo na doa na kuvianika darini kwenye vichanja kwa miezi, hadi baada ya Krismasi, vinasinyaa ndipo vinakamuliwa. Ni tamu, nzito. Si ya kuanza nayo mlo. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza Veneto kupata daraja la DOCG, lililo juu ya DOC, mwaka 1998. Miaka kadhaa kwenye chupa haiiharibu ikiwa imekaa pasipo jua, kwa hiyo uliza kwanza hiyo kaunta inapigwa na jua la saa ngapi. Kama iko salama, mpe mzee wako bilauri ndogo mwisho wa chakula, pamoja na biskuti kavu au kashata ya lozi. Bei mwachie meneja, lakini mwambie asiifungue kabla mzee hajakubali.