Gapi wanazaa lakini vifaranga wanaisha usiku mmoja, shida ni nini?

Bwawa_Dogo
Habari wadau. Nafuga gapi, wale samaki wadogo wa mapambo. Niko Nairobi, tangi ni la lita 60, maji ya bomba. Gapi ni madume 5 na majike 4. Jike mmoja alizaa juzi. Jioni vifaranga walikuwa kama 20, asubuhi amebaki mmoja. Jike mwingine amekunja mapezi, anatikisika papo hapo bila kusogea. Filta ni ile ya kuning'iniza nyuma ya tangi. Hakuna majani wala hita. Kila Jumapili nabadilisha nusu ya maji moja kwa moja kutoka bombani. Nimeshaweka vijiko vikubwa viwili vya chumvi. Nianzie wapi?

Chanikiwiti
Mkuu, hayo ni matatizo mawili, tuyatenganishe.

Vifaranga kwanza. Gapi hazai kisha akalea. Chochote kinachoingia mdomoni ni chakula, hata kama amekizaa mwenyewe. Lakini usiwalaumu wakubwa peke yao. Kifaranga huzaliwa na urefu wa milimita 6 au 7, na filta ya aina hiyo humvuta kwa urahisi. Fungua uangalie ndani, wengine huenda bado wamo hai. Kisha kata kipande cha sponji, kitoboe katikati, uvalishe mdomo wa bomba la kufyonzea.

Baada ya hapo weka maficho. Majani yanayoelea ndiyo bora kwa sababu kifaranga hukimbilia juu, si chini. Ukikosa, chukua uzi wa nailoni wa kufumia, kata nyuzi 40 hivi za sentimita 25, zifunge upande mmoja kwenye kizibo cha chupa ili zielee. Zisuuze kwa maji ya moto mpaka rangi isichuje tena. Mafungu mawili yanatosha tangi lako.

Vile visanduku vya kuzalishia sivipendi. Jike akihamishwa siku za mwisho hupata mshtuko, na mara nyingi hutoa vifaranga kabla hawajakomaa, bado wana kiini tumboni.

Na madume 5 kwa majike 4 ni wengi mno. Kila dume atafutiwe majike wawili au watatu, la sivyo majike hawali wala hawapumziki.

Pwani_Majini
Nije kwa huyo anayetikisika. Kabla ya dawa yoyote pima nitriti na amonia, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki. Zote ziwe 0. Kisha pima joto alfajiri, si mchana. Mwezi wa saba Nairobi tangi lisilo na hita linaweza kushuka chini ya nyuzi 20, na gapi anataka 24 hadi 26. Hita ya wati 50 inatosha lita 60.

Sababu ya tatu ndiyo watu husahau: ugumu wa maji, yaani wingi wa madini ya kalisi na magnesiamu ndani yake. Maji ya Nairobi yanayotoka mabwawa ya milimani ni laini sana, hayana kalisi ya kutosha. Gapi anataka ugumu wa dGH (kipimo cha ugumu) 8 hadi 15 na pH (kipimo cha uasidi) kati ya 7 na 8. Kwenye maji laini hukunja mapezi na kutikisika hivyohivyo unavyoeleza. Hapa Mombasa maji ya visima yamepita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo shida hiyo hatuijui.

Chumvi uliyoweka haitibu hilo. Chumvi ya mezani haina kalisi wala magnesiamu ya maana, haiongezi ugumu hata kidogo. Inasaidia pale nitriti inapopanda tu, kwa kuwa kloridi iliyo kwenye chumvi huizuia nitriti isiingie kupitia matamvua, viungo vya samaki vya kupumulia.

Tia nusu kikombe cha kombe zilizopondwa, au ule mfupa mweupe wa dome (jamii ya ngisi) wanaopewa kasuku, kwenye mfuko wa chandarua na uuweke ndani ya filta. Huyeyuka polepole, na kasi hupungua pH ikipanda, kwa hiyo ni vigumu kuzidisha. Pima tena baada ya wiki.

Chanikiwiti
Naongezea: acha kumimina maji ya bomba moja kwa moja. Klorini, dawa ya kusafishia maji ya bomba, huunguza matamvua na kuua bakteria wa filta wanaoondoa amonia, halafu amonia inapanda. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikipuliza, na ubadilishe robo tu kwa wiki, joto likiwa sawa na la tangi. Sponji ya filta isuuze kwa maji ya tangi, kamwe si ya bomba.

Bwawa_Dogo
Asanteni sana. Vifaranga nitawalisha kiini cha yai? Na nikiondoa madume wote, uzazi utasimama?

Pwani_Majini
Kiini cha yai huchafua maji ndani ya saa chache, achana nacho. Saga chakula cha kawaida kwa vidole mpaka kiwe unga, mara 4 kwa siku, kidogo sana. Ukipata mayai ya artemia (vijidudu jamii ya kamba) uyaangue, ni bora zaidi: lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi, nyuzi 27, hewa ya nguvu, saa 24 hadi 36. Zima hewa dakika 10, maganda yataelea. Vuta walioanguliwa kutoka chini, wachuje kwa kitambaa, wasuuze.

Uzazi hautasimama mara moja. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, na anaweza kuzaa tena na tena, kila siku 21 hadi 30, bila dume tangini. Njia ya uhakika ni kutenganisha vifaranga wakiwa na wiki 3 au 4: pezi la chini nyuma ya tumbo likianza kuchongoka kama kijiti, huyo ni dume, likibaki pembetatu, ni jike. Wakizidi, wape wafugaji wengine. Usiwamwage mtoni, hawa asili yao ni Venezuela, Trinidad na jirani zake, na wakishaingia mtoni hakuna wa kuwatoa.