Dodoso gani linafaa kupima ustahimilivu kwa wanawake wa Kimaasai na Kibatemi wenye kisukari na presha?

binti_mtafiti: Wadau, habari za kazi. Tunaandaa utafiti wa ustahimilivu wa kisaikolojia kwa wanawake wa Kimaasai na Kibatemi (Wasonjo) wanaohudhuria kliniki za kisukari na presha Arusha na Moshi. Tumepanga kutumia CD-RISC, dodoso la ustahimilivu la Connor na Davidson, ya maswali 25 kwa Kiswahili, sampuli ya wanawake 120. Wengi hawakusoma, na Kiswahili cha baadhi yao ni cha sokoni tu. Je, linafaa? Na mtu akipata chini ya alama ngapi tuseme ustahimilivu wake ni mdogo?

takwimu_moshi: Dada, nianze na swali la mwisho. Usiweke mstari wa kukatia. CD-RISC inaanzia 0 hadi 100, na ukichukua wastani wa Marekani kumpima mama wa Longido, unachopima ni umbali kati ya maisha mawili. Tumia alama kama zilivyo, ulinganishe ndani ya kundi lako.

Maswali 25 ya kusomewa kwa mdomo yanachosha; kufika la 15 mtu anajibu ili aondoke. Lipo toleo la maswali 10, alama 0 hadi 40. Yote mawili yanahitaji ruhusa ya wenye dodoso na yana ada, kwa hiyo waandikie kabla hujapeleka maombi ya kibali cha maadili.

BRS, dodoso jingine fupi la ustahimilivu, ina maswali 6 tu, lakini la 2, la 4 na la 6 yamegeuzwa, yaani kukubali kunamaanisha ustahimilivu mdogo. Kwa njia ya mkalimani wengi hukubali yote kwa heshima, na alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana, inaweza kuporomoka chini ya 0.7. Kagua waliokubali swali la 1 na la 2 kwa pamoja: majibu hayo yanapingana.

saikolojia_Arusha: Naongeza kuhusu ugonjwa wenyewe. Hata toleo la maswali 10 lina swali linalouliza kama mtu hurudi katika hali yake baada ya ugonjwa au shida. Kisukari hakina "baada". Mama anayemeza dawa kila siku, anatafuta kuni na kulea wajukuu anaweza kujibu "hapana" kwa ukweli kabisa, ukamwandikia alama ya chini. Ndiyo maana usiruke usaili wa kupima uelewa: wanawake 8 hadi 10 kwa kila lugha, unasoma swali, kisha unamwomba alieleze kwa maneno yake na atoe mfano.

Tafsiri iende moja kwa moja Kimaasai na Kibatemi: watafsiri wawili, mwingine ambaye hajaona dodoso la asili arudishe kwa Kiingereza, kisha jopo lisuluhishe tofauti. Msaili akitafsiri papo hapo kutoka Kiswahili, kila mama anapata dodoso lake.

Kwa majibu, panga vikopo vitano: kitupu, halafu chenye harage 1, 2, 3 na 4. Anza na maswali mawili ya mazoezi yasiyo ya utafiti, mfano "hunywa chai asubuhi". Akigusa kikopo kilekile kwa kila swali, simama urudie mazoezi. Mkalimani asiwe mume, mama mkwe wala binti yake. Mbele yao hatajibu kwa uhuru.

binti_mtafiti: Asanteni sana. Na hiyo 120?

takwimu_moshi: Kwa maswali 10 inatosha uchambuzi wa awali, kwa kanuni ya watu 10 kwa kila swali. Haitoshi kusema Wamaasai wamewazidi Wabatemi au kinyume chake. Kabla ya kulinganisha lazima uonyeshe dodoso linafanya kazi sawa kwa makundi yote mawili, na hilo linataka watu wengi zaidi kila upande.

saikolojia_Arusha: Fikirieni pia ARM-R, dodoso la ustahimilivu kwa watu wazima. Ina maswali 17 na inatenganisha nguvu za mtu binafsi na za mahusiano. Kwa wanawake hawa nguvu kubwa mara nyingi iko kwa wake wenza, dada na kikundi cha VICOBA, na CD-RISC inaipita hiyo karibu yote.

Ambatanisheni PHQ-9, dodoso la maswali 9 la dalili za sonona. Mwanamke anayenyamaza na kuvumilia kila kitu anaweza kupata alama nzuri za ustahimilivu huku ana sonona. Mkiona alama za PHQ-9 ni 10 au zaidi kati ya 27, apelekwe kwa mtaalamu. Swali lake la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Akijibu chochote zaidi ya 0, msaili asisubiri data ziingizwe: aongee naye faragha siku hiyohiyo, na jina la mtaalamu wa kumpokea liwe limeshaandikwa kwenye karatasi ya msaili kabla ya usaili wa kwanza.